Kengele ya Chumba cha Nyuma

Ndugu zangu mlio na wazee ndani ya nyumba, wekeni kazi chini kidogo mnisikilize.

Nyumba ninayowaeleza haikuwa na ugomvi. Baba mwenye nyumba alikuwa mhasibu, na hata majirani walimwita hivyo hivyo, Mhasibu. Aliishi na mkewe mshonaji, binti yao mwanafunzi, na mama yake mzazi, bibi mwenye miguu mizito na kifua cha pumu.

Bibi alikaa chumba cha nyuma, mwisho wa korido, kwa kuwa kilikuwa na ubaridi mzuri. Ukutani, pale mkono unapofika mtu akiwa kitandani, palikuwa na kitufe cha kengele. Marehemu mumewe, fundi umeme, alikiweka mwenyewe wakati miguu ya mkewe ilipoanza kugoma. Waya ulipita ndani ya bomba jembamba ukutani mpaka sebuleni. Akibonyeza kule, huku inalia krrr, kama mdudu aliyekasirika. Ikilia mara moja, anataka maji. Mara mbili, apelekwe chooni. Ikilia mfululizo, kimbieni. Huo mlio wa mwisho Mungu alikuwa amewaepusha nao; hawakuwahi kuusikia. Jioni bibi alishikwa mkono akaletwa sebuleni, wakala pamoja na kuomba pamoja, na mjukuu wake akamtania mpaka anacheka huku anakohoa.

Kisha ofisi ya Mhasibu ikawaambia watu wafanyie kazi nyumbani. Mshonaji naye alikuwa ameanza kuonyesha nguo zake kwa wateja kwenye simu, moja kwa moja, na binti alikuwa na masomo ya kompyuta. Kamodemu kadogo kalikuwa kamoja, na wote walikanyonya.

“Nani anavuta mtandao wangu?” Mhasibu alikuwa akifoka kutoka stoo, aliyoigeuza ofisi.

“Wako umeuzaa?” mkewe alikuwa akimjibu. “Mteja wangu amekatika kichwa! Namwona shingo tu!”

Wakamwita fundi wa mtandao, mcheshi mwenye mkanda wa zana kiunoni. Alizunguka nyumba nzima ameshika simu juu, akisoma nguvu ya mawimbi. Alipofika mwisho wa korido akatikisa kichwa.

“Mzee, kuta hizi zilijengwa kwa vita gani? Waifai ya sebuleni ikifika huku imeshakata roho.”

“Ndiyo maana nataka waya,” Mhasibu alisema. “Mimi na mambo ya hewani hapana. Nivutie waya mpaka ofisini kwangu.”

Sikilizeni vizuri maneno hayo. Alijua kwamba mawimbi hayafiki nyuma. Alikiri kwa kinywa chake mwenyewe.

Stoo ilipakana na chumba cha bibi, na njia iliyo tayari ilikuwa ni lile bomba la kengele. Fundi akaingiza kidole, akachungulia. “Jembamba. Waya mbili hazipiti humu. Au tutoboe ukuta upya, leo nipige vumbi, kesho nirudi kuziba. Au tung’oe huu wa zamani.”

“Ng’oa,” alisema Mhasibu. Kesho yake alikuwa na kikao.

Bibi alikuwa ameketi kitandani akitazama. “Na mimi nitawaitaje, mwanangu?”

“Mama, nimekununulia simu ya kisasa. Unabonyeza picha yangu, unaongea, ujumbe wa sauti unatufikia sote watatu. Hata laini haihitaji, mtandao wa nyumba unatosha.”

“Kengele yangu haijawahi kuniomba chaji,” bibi alisema, na wote wakacheka, naye akacheka nao.

Waya wa kengele ukavutwa ukatoka taratibu, mwekundu, umefubaa. Bibi aliuomba, akauzungusha kiganjani, akauweka chini ya mto. Palipokuwa na kitufe pakabaki tundu, na ndani yake ukapita waya mpya wa buluu kwenda stoo.

Fundi akaweka ruta kubwa sebuleni, kile kisanduku cha kurusha mtandao. Akatoa na nyingine ndogo. “Hii ni ya koridoni, mlangoni kwa mama. Bila hii, simu yake itakuwa kioo cha kujitazamia tu.”

Jioni ile binti alimfundisha bibi kutumia simu. Walikaa wapi? Sebuleni, kando ya ruta, kwenye kochi.

“Bonyeza taratibu, bibi! Hiyo si kengele. Utamtoboa baba jicho.”

“Mke mwenzangu,” bibi alimtania, kama mabibi wanavyowaita wajukuu, “usinikaripie. Haya, nimembonyeza.” Akasogeza simu mdomoni. “Mwanangu, unanisikia?” Simu ya Mhasibu ikaita papo hapo mfukoni mwake, na za wengine pia, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeondoka na ile simu kwenda kuijaribu chumba cha nyuma.

Siku zikapita. Mshonaji akaanza kulalamika kwamba chumba chake cha kushonea kiko kona mbaya, picha zake zinaganda katikati ya mauzo. Akaitazama ruta ndogo koridoni.

“Niiazime kwa muda tu, baba watoto. Mama ana nini cha kuangalia mtandaoni?”

“Mwulize mwenyewe.”

Bibi aliulizwa. Akasema, “Chukua, mwanangu, ufanye kazi.” Angejibu vipi? Wazee wetu wakiona wamekuwa mzigo, hujikunja wachukue nafasi ndogo zaidi.

Ruta ndogo ikahamia chumba cha kushonea. Tangu hapo chakula kililiwa vyumbani. Kila mtu na mlango wake, kila mtu na kioo chake. Bibi alipelekewa sahani, na mara nyingine ilipoa mikononi mwa mpelekaji aliyesimama njiani kusoma ujumbe. Alipolalamika, “Simu yangu haisikii,” Mhasibu aliishika, akatoka nayo mpaka sebuleni ambako alikuwa ameacha chai yake, akaibonyeza, ikafanya kazi.

“Mama, simu ni nzima. Ni wewe hujui kuibonyeza.”

“Labda,” alisema bibi.

Ikaja Jumamosi moja mchana, jua linawaka, nyumba imejaa watu. Mshonaji alikuwa akionyesha magauni. Binti alikuwa na wenzake wa darasani kwenye kompyuta. Mhasibu alikuwa stoo, hedifoni masikioni, akifunga mahesabu ya mwezi. Kati yake na mama yake palikuwa na ukuta mmoja tu, ule mnene. Akasifu moyoni jinsi mtandao ulivyokuwa unakimbia siku hiyo.

Alipomaliza akajinyoosha, akapita chumbani kwa mama kuchukua sahani.

Bibi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kichwa kimelala pembeni. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imebingirika mpaka mlangoni, ambako hakuweza kuifikia. Simu ilikuwa mapajani. Mkono mmoja ulikuwa juu, umeegemea ukuta, vidole vimesimama kwenye lile tundu. Vilikuwa vimekwaruza waya wa buluu mpaka ganda likachubuka.

Walimkimbiza hospitali. Daktari alimgusa Mhasibu bega. “Mngemleta mapema kidogo,” alisema.

Siku ya msiba sebule ilijaa majirani na ndugu, watu wameketi chini, wanaomba. Shangazi mmoja alikuwa akikusanya vitu vya marehemu. Akatoka koridoni ameshika waya mwekundu uliozungushwa na ile simu.

“Hii ya mama niiweke wapi?” aliuliza, akiingia nayo sebuleni.

Mfukoni mwa Mhasibu simu ikaita. Ikaita tena. Ya mshonaji ikaita. Ya binti ikaita. Zikaendelea, moja juu ya nyingine, watu wakageuka kuzitazama. Mhasibu akaitoa yake. Kwenye kioo palikuwa na picha ya mama yake, akicheka kwenye kochi jioni ile ya mafunzo, na jumbe za sauti zimejipanga chini yake. Zilikuwa zimenasa kwenye simu ya bibi tangu Jumamosi, na sasa zilikuwa zimeupata mtandao.

Akaugusa wa kwanza.

“Mwanangu, ukipata nafasi niletee dawa yangu, imeanguka.”

Ukafuata mwingine wenyewe. “Mwanangu... kifua. Sijui kama nabonyeza sawa.”

Na mwingine. “Mke mwenzangu, mwambie baba yako... nimembonyeza taratibu.” Binti akaziba masikio, akapiga ukelele.

Na wa mwisho. Pumzi tu, inakwaruza, halafu sauti ndogo sana: “Mna kazi. Basi. Mungu awabariki.”

Mhasibu alianguka kifudifudi mbele za watu.

Baada ya mazishi Mhasibu aliung’oa ule waya wa buluu kwa mikono yake. Akaupitisha tena mwekundu ndani ya bomba, akafunga kitufe mahali pake. Ofisi ameihamishia sebuleni, mezani, chini ya kengele. Mkewe anasema jioni mumewe huwa anaacha kuandika, anainua uso, anaisikiliza. Haijalia.

Funzo

Ndugu zangu, sisemi mtandao ni dhambi. Vutieni waya, wekeni hiyo ya hewani, watoto wasome, biashara ziende. Ila mkigawa, anzeni na chumba cha yule asiyeweza kusimama. Msiondoe njia yake ya kuwaita kabla hamjakaa kitandani kwake, mlango umefungwa, mkaijaribu ile mpya. Mzee akisema kifaa hakifanyi kazi, mwaminini kwanza, mkatazame pale pale alipo. Na milango iacheni wazi. Mungu hatatuuliza mtandao ulikuwa na kasi gani. Atatuuliza kama tulisikia tulipoitwa.