Ndoo ya Annonciata

Siku za treni, jiko la Hoteli Tulia liliwashwa saa kumi na moja alfajiri. Abiria wa kutoka Kaliua walishuka stesheni ya Mpanda na njaa yao na vumbi lao, na wote walitaka kula kwa wakati mmoja. Hoteli ilikuwa ng'ambo ya barabara. Jina lake Tulia, lakini jikoni hapakuwa na mtu aliyetulia.

Wapishi walikuwa wawili. Hilaria alitoka Kasansa. Annonciata alitoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Walichanja kuni, walichota maji, walisonga ugali wa watu sitini, walikaanga samaki wa Karema, kisha wakasugua masufuria kwa majivu. Moshi uliwatoa machozi. Mikono ya Hilaria ilijaa makovu ya mafuta, toka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Kazi iliisha saa moja jioni, siku zote saba za wiki. Jumapili Hilaria aliisikia kengele ya kanisa akiwa ameshika mwiko.

Ungedhani taabu hiyo iliwafanya kuwa ndugu. Wapi! Walisemeshana kwa "nipe chumvi" na "sogea" tu.

Sababu ilikuwa ndoo. Kila Jumamosi jioni bosi wao, bwana Melkior, alimwita Annonciata stoo na kufunga mlango. Baada ya muda Annonciata alitoka na ndoo ya bluu yenye mfuniko. Alijitwisha akaenda zake bila kumtazama mtu. Hilaria alibaki anapiga deki, roho inamuuma.

Mle ndani mna nini? Wiki ya kwanza Hilaria aliwaza ni mchele, kilo mbili hivi. Wiki ya pili akaongeza sukari. Kufikia mwezi wa tatu, ndoo ile kichwani mwake ilikuwa na mchele, sukari, nyama ya paja, na kitenge kipya juu yake. Kadiri alivyoijaza, ndivyo usingizi ulivyompaa.

Na yeye je? Alikuwa amemwomba bosi amwongeze mshahara, mwanawe Amosi apate sare ya kuanzia darasa la kwanza. Bosi alimjibu kwamba hoteli haina kitu.

"Hoteli haina kitu, lakini ndoo inajaa!" Hilaria alisema peke yake, akaugonga mwiko ukingoni mwa sufuria.

Siku moja asubuhi, kwenye foleni ya bomba, alimweleza jirani yake Marselina. Marselina alikuwa mpishi wa hospitali kwa miaka mingi, na mwanachama wa chama cha wafanyakazi.

"Jumamosi hii nitamaliza," Hilaria alisema. "Nitamwambia bosi kwamba Annonciata anaiba nyama. Atafukuzwa kabla ya Jumapili."

"Anaiba kweli? Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini anapendelewa, mama! Lazima analipwa vizuri."

"Analipwa ngapi?"

"Sijui."

"Mwaka wa pili mnapika wote. Unajua hata anavyopiga chafya. Mshahara wake huujui?" Marselina aliweka ndoo yake chini. "Na wewe unapata ngapi?"

Hilaria aliangalia kushoto na kulia. "Bosi alisema nisimwambie mtu. Alisema ananipa zaidi ya mwenzangu, ila iwe siri."

Marselina alicheka mpaka watu wa foleni wakageuka.

"Anakupa zaidi yake, na bado unamwonea wivu? Shika moja basi, mwanangu! Sikiliza. Sisi kule hospitali kila mmoja anajua mshahara wa mwenzake, kwa sababu umeandikwa. Mshahara ni pesa, na unalipwa kwa tarehe inayojulikana. Mnaandikiana karatasi, wewe unabaki na nakala. Kazi moja, malipo sawa. Siku moja kwa wiki unapumzika. Serikali imeweka kima cha chini, na mwajiri akikataa kabisa, yupo afisa kazi mkoani, Sumbawanga."

"Sumbawanga ni mbali."

"Ndiyo, ni mbali. Kwa hiyo anza na Annonciata. Yeye yuko hapo hapo jikoni. Kamwulize, kabla hujamtia mtu doa."

Hilaria alikubali kwa shingo upande. Kwa kweli hakwenda kwa ajili ya haki. Alitaka kuiona ndoo.

Jumamosi alimfuata Annonciata mpaka nyuma ya stesheni.

"Dada, ngoja kidogo. Nionyeshe umebeba nini."

Annonciata alisimama. Macho yake yalijaa hofu. "Bosi amekutuma?"

"Hapana. Nimejituma mwenyewe."

Annonciata aliitua ndoo, akafunua. Mlikuwa na makoko ya ugali. Chini ya makoko, vichwa viwili vya samaki aina ya kuhe. Pembeni, chupa ya mafuta meusi, yale ya kukaangia samaki yakishachoka.

Hilaria alitafuta kitenge. Hakukiona.

"Hiki tu?"

"Ndiyo mshahara wangu," Annonciata alisema taratibu. "Pesa ananipa elfu nne kwa mwezi. Nyingine anasema ziko kwenye ndoo. Alinikanya nisikwambie. Akasema mtu wa Katumba hana pa kulalamika."

"Mimi ananipa elfu nane," Hilaria alisema, na aibu ikamshika. Miezi yote ile alikuwa amekufa na kijiba cha roho kwa ajili ya vichwa vya samaki.

"Nilijua tu unanizidi," Annonciata alisema. "Mimi nilikuwa nakuonea wivu, dada. Bosi kakununulia aproni. Kila mafuta yakinirukia kifuani, nilikulaani."

"Aproni hii? Ni mtumba! Nimeinunua mwenyewe sokoni!"

Walitazamana. Annonciata ndiye aliyeanza kucheka, Hilaria akafuata, wakacheka mpaka wakaketi chini pembeni ya ndoo. Kisha hawakucheka tena. Walianza kuhesabu saa wanazofanya kazi. Hapo ndipo walipokasirika, na kwa mara ya kwanza hawakukasirikiana.

Jioni ile walikwenda kwa Marselina. Aliwasaidia kuandika karatasi fupi ya makubaliano, ya mshahara sawa, tarehe ya malipo na siku ya kupumzika, kwa herufi kubwa ili wote wawili waisome. Alhamisi, kesho yake ikiwa siku ya treni, walimpelekea bwana Melkior.

"Shikamoo bosi. Tunaomba tuongee kuhusu kazi," Hilaria alisema.

Bwana Melkior alisoma, akakunja uso, kisha akatabasamu. Tabasamu lile ndilo baya. "Hilaria, njoo stoo," alisema. "Peke yako."

Mlango ukafungwa. Stoo ilinuka sabuni na samaki wakavu.

"Wewe ni mtu wa hapa," alimnong'oneza. "Kuanzia leo wewe ndiye mpishi mkuu. Elfu kumi na mbili. Na Jumamosi ndoo ni yako, tena siyo makoko. Mchele na sukari. Yule wa Katumba nitamwondoa, midomo imemzidi. Ila usimwambie."

Ndoo ile ambayo Hilaria aliijaza kichwani kwa miezi sasa ilikuwa mbele yake, mchele kwa sukari. Aliiona sare ya Amosi, shati jeupe lenye mikunjo ya pasi. Aliitaka sana, tusidanganyane. Na wivu wake wa zamani ulimsukuma: chukua, zamu yako imefika.

Lakini usimwambie. Maneno yale yale. Leo angekuwa ndani ya stoo, na kesho mwingine angeitwa, yeye abaki nje na deki yake.

Alifungua mlango. "Annonciata! Njoo usikie. Bosi, tafadhali rudia ulivyoniambia, na mwenzangu asikie."

Bwana Melkior aliangalia mabati ya dari.

"Basi nitarudia mimi," Hilaria alisema, na akayasema yote, hata lile la kumwondoa Annonciata. "Umesema elfu kumi na mbili ipo. Tunashukuru. Iwe kumi na mbili kwake na kumi na mbili kwangu."

"Nitawafukuza wote! Wapishi wamejaa Mpanda nzima!"

"Sawa, bosi," Annonciata alisema kwa upole. "Kesho treni inafika asubuhi. Kuni ziko nyuma. Hazijachanjwa."

Bwana Melkior aliwatazama, akaziangalia kuni, akaitazama stesheni. Alipiga kelele nyingine mbili tatu. Mwisho aliomba kalamu.

Mwezi ule walilipwa tarehe thelathini, pesa taslimu, sawa kwa sawa. Kila mmoja alipata siku yake ya kupumzika. Jumapili ya kwanza Hilaria aliingia kanisani akinukia sabuni badala ya moshi. Amosi alianza shule na sare. Annonciata alinunuliwa aproni na bosi. Mshahara bado ulikuwa mdogo na mafuta bado yaliruka. Marselina aliwaahidi kwamba afisa kazi akipita Mpanda atawapeleka wakaulize kama wamefikia kima cha chini.

Wivu haukumtoka Hilaria kwa siku moja. Aproni ya Annonciata ilikuwa mpya, na ilimkera wiki nzima.

Baada ya miezi michache, bwana Melkior alimwajiri mpishi wa tatu, Séverine, awasaidie siku za treni. Siku ya kwanza tu alimwita stoo na kufunga mlango. Séverine alipotoka, macho yalikuwa chini. Wapishi wawili walikuwa wanamsubiri mlangoni, mikono imejaa unga.

"Amekwambia usituambie, siyo?" Hilaria aliuliza. "Haya, tunaanza sisi. Mimi napata elfu kumi na mbili. Annonciata kumi na mbili. Wewe je?"