Viatu Vilivyozidi Namba Mbili

Kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, bibi yangu, Mwanamize, huwasha gari lake mbele ya nyumba yetu ya mtaa wa Mabela na kunipeleka kwenye uwanja wa barafu. Nje joto la Maskati linakupiga usoni, nami nimepakata jaketi na soksi za sufu. Nina miaka kumi na miwili na nacheza hoki ya barafu, ule mchezo wa magongo ambao wachezaji huteleza kwa viatu vyenye chuma chembamba chini yake.

Viatu vyangu aliniletea ami Fahd kutoka Dubai, lakini bibi ndiye aliyeviagiza. Nyumbani kwetu viatu hununuliwa vikubwa. Vya Idi vikubwa, vya skuli vikubwa, eti mtoto atakua navyo. Basi bibi akamwambia ami Fahd aongeze namba mbili. Vilipofika alivipiga picha, akaipeleka kwenye kundi la simu la ukoo mzima na kuandika, "Vya Kheiria wangu." Baada ya hapo ningemwambiaje kwamba vinapwaya?

Sikumwambia. Nilivaa soksi mbili, nikajaza pamba kwenye ncha, na kamba nikazikaza mpaka mikono ikaniuma. Dakika kumi hazikupita, miguu ikafa ganzi. Mwanzoni niliogopa, kisha nikazoea, na huko kuzoea ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Nikifunga bao sikufurahi. Nikianguka sikujali. Nilizunguka barafuni basi tu, kama mtu anayekunja nguo za watu wengine.

Kocha wetu, Wesley, ni Mkenya aliyejifunza mchezo huu Nairobi. Wiki mbili mfululizo aliniuliza, "Kheiria, viatu viko sawa?"

Mara zote mbili nilijibu, "Viko sawa, kocha."

Alhamisi iliyopita ilikuwa siku ya kuchagua timu ya wasichana itakayokwenda kucheza Dubai. Wachezaji tisa walikwisha kuchaguliwa, na nafasi ya kumi ilikuwa baina yangu na Shatha. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, kwa hiyo nilikaza kamba kuliko siku zote. Nilipokata kona ya kwanza, kifundo kililala upande nikaanguka. Nikasimama, nikaanguka tena. Mara ya tatu niliuambia mguu uinuke, haukuinuka.

Kocha alinishika mkono mpaka kwenye benchi alikokaa bibi na chupa yake ya chai. Bibi akanifungua kamba. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa na damu, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi. Niliutazama kama mguu wa jirani.

"Panauma?" bibi aliuliza.

"Sisikii kitu, bibi."

Kocha alichomoa soli ya ndani ya kiatu, akaiweka sakafuni. "Hebu simama hapa juu. Kisigino nyuma kabisa." Mbele ya vidole vyangu ilibaki nafasi pana. Kocha akamgeukia bibi. "Mama, viatu vya barafu vinafaa kubana kushinda vya kutembea. Vikiwa vikubwa, mguu unaogelea ndani. Mtoto anakaza kamba ndio ajishikilie, na damu haipiti." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe nilikuuliza mara mbili."

Nilishuka kwenye soli, nikaketi tena.

"Mimi ndiye niliyesema waongeze namba," bibi alisema polepole. "Kosa hilo nnalibeba. Lakini mbona hukunambia?"

"Niliona haya. Ulivifurahia mno."

Kocha alisafisha kidonda na kukifunga, kisha akaleta viatu vingine kutoka sanduku la timu, vidogo kwa namba mbili. Nilijaribu cha mguu wa kushoto tu. Nilipiga kisigino nyuma, vidole vikagusa ncha kidogo. Nilipokunja goti, vikaachia. Kamba alizilegeza juu ya vidole, akazikaza kwenye kifundo. Kiatu kilinishika vizuri.

"Hivi utatumia mguu ukipona," alisema. "Lakini leo hurudi barafuni. Nafasi ya kumi nimempa Shatha."

Hapo damu ilikuwa inarudi miguuni, na maumivu yakaja nayo yote kwa pamoja. Nililia kwa ajili ya ukucha na kwa ajili ya nafasi. Nilikuwa sijalia kwa wiki nyingi.

Bibi alinifuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mimi nna miaka sitini na sita. Ungenambia viatu havikufai, ningesononeka mpaka jioni, basi, yamekwisha. Sasa nimekaa hapa nakunywa chai na wewe unatoka damu mbele ya macho yangu. Hiyo si heshima. Mtu anayekupenda, mwambie panapokuuma siku ya kwanza, wakati bado unapasikia."