Neno Chini ya Sahani ya Mama

"Kampala wamenifukuza, dada Sheikha... na wewe pia?"

Damyanti alisema hivyo mlangoni kwangu, London, Novemba 1972. Mtoto mchanga mkononi, sanduku moja miguuni.

Jamani, mimi ndiye niliyemtoa nje!

Yeye alikuwa Mhindi, katika wale waliofukuzwa Kampala mwaka ule. Nami ni mkimbizi, wa Zanzibar. Nilikuwa nimempa chumba cha nyuma wiki tano tu.

Kisa ni sahani ya marehemu mama, nyeupe, maua ya bluu pembeni. Ya Kichina, mama akisema. Ndiyo aliyoandikia kombe: aya kwa zafarani, anaziosha kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa.

Mimi nilijua kusoma Kurani tu. Herufi za Kizungu nilianza ukubwani, darasa la jioni. Siku hiyo naosha sahani, nikaigeuza, nikasoma.

H-O-L-L-A-N-D.

Nikamwita Damyanti jikoni.

"Sahani yangu ya Kichina iko wapi?"

"Si hiyo mkononi, dada?"

"Hii ya Uholanzi! Umenibadilishia!"

"Ni ile ile. Naapa kwa mtoto huyu."

"Toka kwangu."

Nikafunga mlango, nikamaliza kuosha vyombo. Sikulia.

Februari akaja dada yangu Mardhiya kutoka Mombasa, na sahani pacha ya mama mzigoni.

"Igeuze, usome."

"Nisome mie? Anayekwenda skuli na meno yamemtoka ni wewe!"

Akaigeuza huku anacheka. Nikasoma mwenyewe: HOLLAND.

"Maandishi hayo yamo tangu utotoni," akasema. "Nani kwetu angeyasoma?"

Mwalimu wangu akanieleza: viwanda vya Ulaya viliiga bluu ya Wachina miaka mingi, vikatuuzia hata sisi.

Nilimkuta Damyanti mtaa wa Queensbury, hapo hapo London, kwa binamu yake Kanti.

"Sahani ni ile ile," nikasema.

"Nilikwambia."

"Ulijua imeandikwa nini?"

"Niliisoma siku ya kwanza nilipoiosha. Nikaona unavyojivunia Uchina wake... nikanyamaza, nisikuvunje moyo."

Akanipa chai. Nikanywa, sikuhisi ladha. Hakurudi kwangu, wala sikuthubutu kumwomba.

Wasomaji wangu, leo nina miaka themanini na saba, na hili sijamwambia mtu. Siku ile, kabla ya kumwita jikoni, niliswali rakaa mbili. Sikumwomba Mungu anionyeshe ukweli. Nilimwomba anipe nguvu ya kumfukuza.

Mkiswali, muulizeni Mungu kwanza kama mkosaji si ninyi.