Siku za Mdiria

Kila asubuhi kazi ya Maruso ilikuwa moja: kusikiliza habari za hali ya hewa redioni, kisha kumwambia baba yake, Pantelis, kama bahari inapitika. Pantelis alifuga mbuzi kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu, mwendo wa saa nzima kwa mashua, na Januari ndio mwezi wa mbuzi kuzaa.

Asubuhi hiyo Maruso alikuwa amezama kwenye mchezo wa simu. Redio ikasema weee, mtoto hata hakusikia.

"Haya, binti, redio inasemaje?" baba akauliza, akivaa buti.

"Shwari, Baba. Hakuna upepo."

"Si nilisema? Siku za mdiria hizi!" Bibi Zafirula akadakia kutoka jikoni.

Kisiwani kwao kila mtu aliamini hivyo. Hapo kale, walisimulia, mwanamke aitwaye Alkioni alimlilia mumewe aliyezama baharini mpaka miungu ikamgeuza ndege mdiria, ikamtulizia bahari siku chache za Januari atamie mayai yake. Hata leo ndege huyo wanamwita alkioni. Na kweli, nje jua liliwaka, maji yametulia tuli. Pantelis akaondoka akipiga mbinja.

Adhuhuri mawingu meusi yakaanza kujikusanya upande wa kusini. Shakwe wakaja kutua uani, kimya. Maruso akafungua redio: dhoruba kali, onyo lililotolewa tangu alfajiri! Angeweza kunyamaza, nani angejua? Wote wangemlaumu ndege.

"Bibi, nilidanganya," akasema huku analia. "Sikusikiliza redio. Baba atakufa!"

"Bikira Mtakatifu! Lete simu, upesi!"

Simu ikaita, ikakatika. Madirisha yakaanza kujipiga. Bibi akapiga tena na tena, mpaka Pantelis akapokea. Alikuwa ameshafungua kamba ya mashua.

"Usitoke!" Bibi akapiga kelele. "Dhoruba inakuja, mtoto hakusikiliza redio! Lala huko huko na mbuzi wako!"

Dhoruba ilivuma siku mbili. Ilipokwisha, Pantelis akarudi, ananuka beberu, macho mekundu. Maruso akamkimbilia, lakini akashindwa kumtazama.

"Mwanangu," baba akasema, akimwinua kidevu, "ungeniambia tu 'sikusikiliza,' ningekugombeza kidogo, basi, yakaisha. Kugombezwa hakujamzamisha mtu. Uongo wako ndio nusura unizamishe."