Nani Kakwambia Nimejitoa?

“Wewe tena? Si jana umejitoa?”

Swali hilo aliniuliza Mzee Nagamori, mkuu wa mtaa wetu, saa mbili asubuhi ya siku ya sherehe, mbele ya wanaume thelathini. Mimi nilikuwa nimeshavaa koti la mtaa na kufunga kitambaa kichwani. Nikadhani mzee ananitania.

“Nimejitoa wapi, mzee wangu?”

“Kuongoza gari. Nilipigiwa simu jana nikaambiwa wewe Misuzu unaolewa, na familia unakokwenda haitaki mambo hayo. Nikafuta jina lako. Hekaluni nimepeleka jina la Ryohei.”

Moyo ulinilipuka paa!

“Nani aliyepiga?”

Mzee akajikuna shingo, akatazama chini.

“Mzee, nakuuliza kwa heshima. Nani kakwambia nimejitoa?”

“Mchumba wako. Tomonari.”

Hanabuse ni mji mdogo, umebanwa na milima. Lakini mwezi wa saba ukifika, usitudharau. Kila mtaa unatoa gari lake la mbao, refu kama nyumba ya ghorofa, linavutwa kwa kamba na watu sitini hadi hekaluni. Mbele juu anasimama mtu mmoja na pepeo jeupe. Yeye ndiye anayetoa amri, na bila yeye gari halisogei hata hatua. Katika mtaa wetu mtu huyo hajawahi kuwa mwanamke. Mimi nilianza na filimbi nikiwa na miaka kumi na saba, nikashika kamba, kisha nikawa msaidizi wa kiongozi miaka minne. Masika hii wazee walipiga kura, kumi na moja kwa nne, wakaniteua. Nilijifungia chooni nikalia kwa furaha. Na mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa Tomonari huyohuyo!

Rafiki yangu Ayano, mpiga filimbi, alinivuta pembeni.

“Mpigie sasa hivi. Weka sauti kubwa, na mimi nisikie.”

Simu iliita mara mbili.

“Mpenzi, tuko stesheni na Mama, treni ya kuja huko inaingia…”

“Jana ulimpigia nani?”

Nikasikia tangazo la treni nyuma yake.

“Misuzu, nilitaka nikueleze tukikutana.”

“Nieleze sasa.”

“Unajua Mama alivyo. Duka la vitambaa vya kimono, wateja wa heshima. Alisema mkwe wake hatasimama juu ya gari kuwafokea wanaume, jasho linamtoka kama mchukuzi. Nikaona ni mwaka mmoja tu. Mwakani…”

“Mwakani nini? Nitakuwa nimeshazoea kunyamaza?”

“Usinielewe vibaya. Nilikuwa nalinda ndoa yetu.”

“Ungeniuliza, ningekataa, tungegombana, yangekwisha. Wewe umechukua mdomo wangu ukauongelea. Huko si kulinda, Tomonari. Huo ni wizi.”

Nikakata simu.

“Na sura yake ile ya upole!” Ayano akasema. “Mtu anayeomba radhi hata akikanyaga kivuli cha mwenzake!”

Nikarudi kwa Mzee Nagamori, nikasimama wima.

“Sikujitoa. Sikumtuma mtu. Niko hapa.”

“Imeshapita hiyo, dada,” sauti moja ikatoka nyuma. “Nenda kavae kimono nzuri ya kiangazi, ukale barafu ya sharubati na mama mkwe wako.”

Wakacheka. Ryohei, mpwa wa mzee, akawageukia.

“Mnacheka nini? Mimi nikiligeuza gari hili kwenye kona ya duka la pombe ya sake, mtanikuta sebuleni kwa mwenye duka!”

Kicheko kikaongezeka, ila safari hii hawakunicheka mimi. Mzee akainua mkono.

“Sikiliza, Misuzu. Siwezi kwenda kwa kuhani leo na neno hili, kesho na neno lile. Aliyesema ndiye afute. Aje mwenyewe, asimame hapa, kila mtu asikie. Gari linatoka saa sita.”

“Asipokuja?”

“Ryohei.”

Ryohei alifumba macho kama mtu aliyesomewa hukumu.

“Basi mbembeleze Tomonari,” Ayano akaninong’oneza. “Lia kidogo. Wanaume huyeyuka.”

“Silii.”

Nikaandika ujumbe mmoja tu:

“Gari linatoka saa sita. Uliyoyasema kwenye simu, njoo uyafute kwa mdomo wako mbele ya mtaa mzima. Usipokuja, Ayano atakuletea pete yako stesheni ya hapa.”

Jibu likaja papo hapo:

“Mbele ya Mama?”

“Mbele ya Mama.”

Nikaweka simu mfukoni, nikatafuta kopo la mafuta.

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Nyenje walikuwa wanalia kwenye miti kana kwamba wamelipwa, barabara inajaa watu, harufu ya tambi za kukaanga imetanda kote. Mimi nilikuwa chini ya gari, napaka magurudumu mafuta, maana mikono ingekosa kazi ningelia, na nilishasema silii.

Saa sita kasorobo, Ayano akanigonga mguu.

“Toka. Wamefika.”

Tomonari alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Kando yake ni mama yake, Mama Setsuko, kimono ya kiangazi ya rangi ya majivu, mwavuli wa jua mkononi, hana hata tone la jasho. Nikainama.

“Karibu Hanabuse, Mama. Pole na safari.”

Akanitazama kuanzia kitambaa hadi miguu yenye mafuta meusi.

“Nilidhani nitakukuta umejiandaa.”

“Nimejiandaa, Mama.”

Ayano akajikohoza kuficha kicheko. Mama Setsuko akamgeukia mwanawe.

“Tomonari, si uliniambia jambo hili limekwisha?”

Mwenzangu alikuwa mweupe kama shati lake. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake. Kisha akatupita sote wawili, akaenda hadi mbele ya Mzee Nagamori, akapiga magoti kwenye lami iliyokuwa moto kama kikaango, akaweka paji la uso chini.

“Mimi ndiye niliyepiga simu,” akasema, sauti ikafika mpaka wenye kamba. “Misuzu hakunituma. Hakujua. Nilisema uongo kwa jina lake kwa sababu niliogopa kumwambia mama yangu hapana. Naomba radhi kwa mtaa mzima. Naomba jina lake lirudi.”

“Tomonari! Inuka! Watu wanatazama!”

“Ndiyo, Mama. Nimekuja ili watazame.”

“Unanidhalilisha mimi mama yako?”

“Hapana, Mama. Wewe ulisema unachotaka, na ni haki yako. Mwongo ni mimi.”

Mzee Nagamori akavuta pumzi.

“Inuka, kijana. Paji lako litaiva.”

Ryohei hakusubiri kutumwa. Alikimbia kwenda kwa kuhani, na naapa sijawahi kumwona akikimbia vile. Aliporudi anahema, mzee alinikabidhi pepeo kwa mikono miwili.

“Kiongozi, gari lako.”

Watu wote wakainama. Nilihisi nimerefuka.

“Nipeni nafasi kwenye kamba,” Tomonari akaomba.

“Kamba ni ya wenyeji,” mzee akamjibu. “Kule nyuma, kwenye miti ya kunyanyulia magurudumu, kuna nafasi. Lakini panaumiza.”

“Hapohapo ndipo ninapopataka.”

Sikumwambia neno. Nikapanda juu.

Kona ya duka la sake ndiyo inayotutofautisha na mitaa mingine. Gari lina tani tano na magurudumu yake hayapindi. Kuligeuza lazima walio nyuma walinyanyue upande mmoja kwa miti, na walio mbele walivute kwa pembe, wote kwa pumzi moja. Ukikosea, unavunja upenu wa duka, au mguu wa mtu. Miji jirani huja na mikeka yao kutazama kona hiyo tu.

“Kamba, legeza!” nikaita. “Nyuma, nyanyua! Bado… bado… Sasa!”

“Yoisa!” watu sitini wakaitika.

Gari likaanza kuzunguka, mbao zinalia. Nusu ya mzunguko, gurudumu la kushoto likadumbukia ukingoni mwa mtaro. Gari likainama. Watazamaji wakashtuka kwa sauti moja, na mtu mmoja mbele akapiga kelele:

“Vuteni! Vuteni haraka!”

Kamba ikakaza. Wangevuta hivyo, tungelala chali. Nikashusha pepeo kwa nguvu.

“Anayevuta bila amri yangu aachie kamba!”

Kila kitu kikasimama. Hata filimbi.

“Hakuna aliyekufa,” nikasema. “Pumueni kwanza. Nyuma kushoto, ingizeni mti chini ya ekseli, mabega yote pale. Mbele, msivute mpaka mnisikie. Moja. Mbili. Sasa!”

“Yoisa!”

Gurudumu likapanda. Gari likazunguka kama mtu anayegeuka kuitikia jina lake, na upenu wa duka ukapita kando ya bega langu, nafasi ya kiganja kimoja tu. Barabara nzima ikalipuka. Ryohei alikuwa anarukaruka na kamba yake. Mzee Nagamori alifuta macho, akasema ni vumbi.

Nikageuka nyuma mara moja. Shati jeupe lilikuwa limechanika begani, uso una mafuta, na Tomonari anapiga kelele kuliko wenyeji wote.

Baada ya kulifikisha gari hekaluni, nilimkuta Mama Setsuko kivulini, amefunga mwavuli, anakula barafu ya sharubati.

“Sauti yako imenifika mpaka tumboni,” akasema.

“Samahani kwa kelele, Mama.”

“Sijasema kelele. Kaa.”

Nikakaa. Akakoroga barafu yake muda mrefu.

“Baba yake Tomonari alipofariki, niliachiwa duka na wafanyakazi tisa. Nikajifunza kuongea chini, wasije wakasema mjane ana kiburi. Ni miaka kumi na minane naongea chini. Yule mwanaume aliyevuta bila amri… ulivyomnyamazisha…” Akabana midomo, lakini tabasamu likamponyoka. “Ila hicho kitambaa cha kichwani ni kibaya sana. Nitakuletea cha maana.”

Siku ya pili yake mtaa mzima hushuka mtoni. Matikiti maji yanapoozwa kwenye mkondo, samaki wadogo wanachomwa kwa chumvi kwenye vijiti, wazee wanavua viatu na kuloweka miguu. Nilikuwa nageuza samaki Tomonari alipokuja, mikono yote imefungwa bendeji.

“Umenisamehe?”

“Bado.”

“Nina haki ya kukaa?”

“Mto si wangu.”

Akakaa. Nikampa samaki. Akamshika kwa shida kwa ncha za vidole, nami nikajizuia nisimsaidie.

“Kule nyuma sikukuona hata mara moja,” akasema. “Nilikusikia tu. Watu sitini wanasubiri pumzi yako. Nikajiuliza, hivi hii ndiyo sauti niliyotaka kuizima? Nilijionea aibu, Misuzu. Na papo hapo nikaona fahari mpaka nikatamani kumwambia kila aliye karibu yangu, huyo namjua mimi.”

“Ulimwambia?”

“Nilimwambia mwenye mti wa jirani. Akanijibu, ‘Nyanyua, acha domo.’”

Nilicheka. Sikupenda, lakini nilicheka.

“Misuzu, sasa nakuuliza wewe mwenyewe. Bado utakubali tuoane?”

Nikamtazama. Moyo wangu ulikuwa na jibu tangu jana, lakini haukuwa umepewa pepeo.

“Jibu nitakupa siku nitakayotaka mimi. Nikiwa mke wako nitabaki juu ya gari mpaka mtaa uchoke nami. Na mama yako ukitofautiana naye, utamwambia mwenyewe, hutajificha nyuma yangu.”

“Nimekubali.”

“Na usije ukampigia mtu simu ukasema nimekubali.”

“Nitakuwa bubu!”

Nilimsubirisha wiki tatu. Kila Jumapili alipanda treni, akaja kumsaidia Mzee Nagamori kusafisha banda la gari, hakuuliza kitu. Jumapili ya nne nilimsindikiza stesheni. Treni ilipofungua milango, nikamwambia, “Ndiyo.” Milango ikafungwa, treni ikaondoka, yeye amebaki amesimama na mimi jukwaani.

Tulioana mwezi wa kumi, katika hekalu la Hanabuse, majani ya milimani yakiwa mekundu. Mama Setsuko mwenyewe ndiye aliyenifunga mkanda wa kimono ya harusi, akaukaza mpaka nikakosa pumzi. Karamuni, mteja wake mmoja mkubwa, bibi wa mjini mwenye sauti ya puani, akainama kumsemesha. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

“Setsuko, huyu bibi harusi ametoka familia gani hasa?”

Mama Setsuko akaweka kikombe mezani. Hakuongea chini.

“Njoo Hanabuse mwezi wa saba, utaona. Kuna gari la tani tano linalopita kwenye kona nyembamba kama mlango wa jikoni. Mbele kabisa, juu, utamwona mwanangu amesimama, watu sitini wanamtii. Uje mapema, pale hujaa.”

“Tomonari? Huyu mpole hivi?”

“Tomonari yuko nyuma anasukuma,” akasema Mama Setsuko, akaniwekea mkono begani. “Mimi nakuambia mwanangu huyu hapa.”