Karatasi ya Jumatano

Nina miaka thelathini na mitatu, naishi Waithaka na mke wangu, na shule niliiachia kidato cha pili. Kuandika si kazi yangu. Lakini nililomtendea Achieng limenikaa kifuani, na nisiposema hapa nitasema wapi?

Nilikuwa fundi wa kampuni ndogo ya intaneti katikati ya jiji. Hatukutumia waya. Mlingoti wetu ulikuwa juu ya jengo la ofisi, na kila mteja tulimfungia redio yake kwenye paa, kisanduku cha kunasa intaneti kutoka kwetu. Redio zile zikazeeka. Mkubwa wetu, Bwana Kariuki, akatuambia mimi na Achieng, fundi mwenzangu, tujaribu aina mbili mpya, moja rahisi, moja ghali. Kazi ikienda vizuri, mmoja wetu angekuwa msimamizi wa mafundi.

Achieng alikuwa amesoma chuo. Mimi nilikuwa na miaka sita juu ya mapaa ya watu. Hakuwahi kunidharau, lazima niseme ukweli. Dharau niliijenga mwenyewe kichwani...

Nilijaribu ile rahisi Kangemi, kwenye paa la saiba, duka la intaneti, ya Mama Wambui, mteja wetu wa siku nyingi. Nilichagua Jumapili asubuhi, akiwa kanisani, nisiwaharibie wateja wake kazi. Wasomaji, ile redio ilikimbia! Nikarudia Jumapili mbili zaidi. Vilevile! Nikajiona bingwa.

Achieng akaenda kuijaribu hapo hapo Jumatano. Akarudi na karatasi imejaa mistari na tarakimu.

"Brayo, hii kitu siku ya kazi inakufa," akaniambia. "Jumapili tao imefungwa, hewa iko tupu. Siku ya kazi kila kampuni iko kwa masafa hii hii ya bure, zinapigiana kelele. Ile ghali iko na masafa yake ya kulipia. Ona hapa."

Nikaangalia. Mistari inapanda, mistari inashuka... Sikuelewa hata mmoja! Ningemwuliza vipi, mwanamume wa miaka sita kazini? Nikaitikia kwa kichwa kama daktari. "Sawa, nimeona."

Alikuwa anaondoka kwenda matanga ya shangazi yake Siaya. Akaniachia karatasi nimpelekee mkubwa.

Sikuipeleka! Niliikunja nikaificha kwenye droo. Nilijiambia Achieng amekosea. Labda niliamini hivyo kweli, labda ni tamaa ya cheo... mpaka leo sijui.

Bwana Kariuki simlaumu, maana aliuliza, "Na Achieng anasemaje?" Nikajibu, "Tuko pamoja." Hata muuzaji hakutudanganya. Alisema wazi redio yake ni ya masafa ya bure.

Tukanunua mzigo mzima wa zile rahisi. Achieng aliporudi alikuta zimeshanunuliwa, akadhani mkubwa ameiona karatasi yake na kuchagua bei. Tukafunga Kangemi, Riruta, mpaka huku kwetu Waithaka. Jumatatu ikifika saa tatu, ofisi za tao, katikati ya jiji, zimefunguliwa, intaneti inakatika! Niliinua nguzo, nikageuza redio huku na huku, nikapanda mapaa mpaka magoti yakavimba. Wapi!

Mama Wambui alinishika shati mbele ya wateja. "Kijana, umenifungia redio ama sanduku ya sadaka? Mbona inafanya kazi Jumapili peke yake?" Watu walicheka mpaka wakashika meza. Yeye hakucheka. Baada ya miezi mitatu alifunga saiba. Wateja wengine wakatuhama mmoja mmoja.

Bwana Kariuki akatuita. "Achieng, wewe ndiye umesoma. Mbona hukuniambia?"

Achieng akanigeukia. "Brayo, si nilikupea karatasi?"

Nafasi ilikuwa pale pale... Mungu anisamehe! Nikasema, "Karatasi gani?"

Hakulia. Hakupiga kelele. Alichukua mkoba wake. Alifutwa kazi siku hiyo hiyo.

Nilivumilia wiki mbili. Kisha nikatoa ile karatasi nikampelekea Bwana Kariuki. Alinifuta, na alifanya haki. Achieng alipoitwa arudi, alikataa.

Nilimfuata Riruta alikopanga, kumwomba msamaha. Nikamweleza yote mlangoni, nimesimama.

"Kwa hivyo hukuielewa?" akauliza.

"Sikuielewa."

"Ningekuelezea kwa dakika tano, Brayo." Akafunga mlango, polepole, kama mtu asiye na hasira. Afadhali angeubamiza!

Siku hizi nafunga antena za runinga, kazi leo ipo, kesho haipo. Silalamiki. Lakini wewe unayesoma, nakusihi, ukiwekewa jambo mezani usilolielewa, sema hapo hapo, hata mbele ya uliyemtangulia kazini. Watakucheka, na kicheko kitaisha. Mimi hakuna aliyenicheka siku ile... na mwenzangu akapoteza kazi, mama wa watu akafunga biashara, kwa sababu niliona haya kusema, "Hebu nielezee tena."