Sindano Kumi za Bibi

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Zumari alitia uzi kwenye sindano kumi. Jina hilo alipewa na Bibi yake kwa ajili ya sauti. Akiimba uani, hata majirani hupunguza redio. Bibi alikuwa fundi wa kushona. Mikono yake ilikuwa bado myepesi, lakini macho yalikwisha kataa kuliona tundu la sindano, basi mjukuu ndiye aliyekuwa macho yake. Zumari aliulowesha uzi kwa mate, akaunyoosha kwa midomo, akaupitisha, kisha akaichomeka sindano kwenye kijimto. Bibi naye, akimaliza kushona kifungo, aliukata uzi kwa meno, maana mkasi wa nyumba ile ulikuwa haukai mahali pamoja. Uzi mmoja, vinywa viwili, na hakuna aliyewahi kulifikiria hilo.

Wiki hiyo Bibi alikuwa akishona sare za kwaya ya darasa la sita. Mashindano yalikuwa Ijumaa, na Zumari ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza.

Jumatatu aliamka koo likimkwaruza na mwili ukimuuma kama aliyetwanga kutwa nzima. Homa ilikuwa imepanda. Akaingiwa na hofu: ikijulikana anaumwa, atabakizwa nyumbani, na nafasi yake atapewa mwingine. Akaenda bombani, akanawa uso kwa maji baridi mara tatu, ndipo akaingia kwa Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona macho mekundu? Babu yako angekuwa hai, kwa macho hayo usingenipokonya."

"Moshi wa jikoni tu, Bibi."

Bibi akamgusa paji la uso, akalikuta la baridi, akaridhika. Zumari akatia uzi sindano zote kumi, kama kawaida.

Shuleni, jirani yake wa dawati, Kibogoyo, alimtazama akipenga. "Wewe unaumwa," alisema.

"Vumbi la chaki."

"Chaki gani hiyo inayotoa kamasi?"

Zumari akajifuta pua kwa kiganja, kisha kwa mkono uleule akaazima rula ya Kibogoyo. Mchana kwaya ilifanya mazoezi katika chumba kilichofungwa madirisha, watoto thelathini wamebanana, vinywa wazi, naye akikohoa katikati yao. Nyumbani alikwenda kukohoa nyuma ya nyumba, wasimsikie.

Jumatano jioni Bibi akaanza kukohoa. Bibi alikuwa na pumu tangu ujana, kwa hiyo kila mtu alisema ni pumu yake ile ile. Alhamisi alishona amejitanda shuka, akitetemeka. Mwili wa Zumari ulianza kupata nafuu, lakini roho haikutulia hata kidogo. Kila Bibi alipokohoa, yeye alinyamaza na kusikiliza kama atavuta pumzi nyingine.

Ijumaa asubuhi Zumari na Mama walimkuta Bibi ameketi ukingoni mwa kitanda, mabega yakipanda na kushuka, midomo imepauka. Aliamkiwa, akashindwa kuitikia. Mama akaita bajaji. Zumari, akiwa amekwisha vaa sare ya kwaya, akajipakia nao.

Katika kituo cha afya, daktari alimvutisha Bibi dawa ya pumu, lakini pumzi haikutulia. Akamvisha kifaa cha oksijeni usoni. "Kuna mtu mwingine aliyeumwa nyumbani wiki hii?" aliuliza.

"Hakuna, daktari," Mama alijibu.

Zumari alitazama saa ya ukutani. Wenzake walikuwa wanapanda basi la mashindano wakati huo, wala hakuwajali tena. Akisema, Mama atajua nani kamleta Bibi huku. Asiposema, je?

"Mimi," alisema. "Naumwa tangu Jumatatu. Homa, kikohozi, mwili kuuma. Nilinawa uso ili Bibi asijue. Na ule uzi, mimi nautia mdomoni, naye anaukata kwa meno."

Mama alimgeukia, kisha akarudi kumshika Bibi mkono.

"Bibi alianza lini?" daktari aliuliza.

"Jumatano jioni," Mama alijibu.

"Basi hatujachelewa sana. Dawa ya ugonjwa huu hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili. Nilidhani ni pumu peke yake."

Alipokwisha kumpima Bibi na kumpa dawa, alimtoa Zumari nje, akamvisha barakoa. "Hii ni influenza, mwanangu, si mafua ya mchezo. Kirusi chake kinakaa kwenye mate na makamasi. Ukikohoa, matone yanawarukia wenzako. Ukishika pua halafu ukashika kitu, unakiacha pale. Wewe kitakulaza siku chache. Kwa mzee mwenye pumu kinashuka mapafuni."

"Atakufa?"

"Siwezi kukuahidi. Tunamtibu. Wewe nenda ukapumzike, kohoa kwenye kiwiko, na nawa mikono kwa sabuni."

Siku tano Zumari alikaa nyumbani, dirisha wazi, akisubiri hatua za Mama mlangoni. Jumamosi Mama alisema, "Bado." Jumapili, "Bado." Jumatatu alikuja na habari nyingine: Kibogoyo na wanakwaya tisa wako kitandani. Zumari hakula siku hiyo.

Jumatano Bibi akarudi, amekonda, akitembea kwa kushikiliwa. Zumari alisimama mlangoni, akaogopa kusogea. "Bibi, nisamehe."

"Nimekusamehe tangu pale ulipofungua mdomo. Daktari kaniambia, neno lako ndilo lililomwonyesha njia." Bibi akapumzika kidogo, akavuta pumzi. "Lakini sikiliza. Ungeniambia Jumatatu, ningejitenga nawe siku chache, na uji ungeupata vilevile. Kuumwa si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni kutuficha, tukakosa nafasi ya kujikinga. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha yako, nusura kiniumbue mimi."